EST II: mashine inayoona kosa la askari, na kiongozi anayetakiwa kulisahihisha

Nusu sekunde kabla ya mlio, alama ya mtutu imetulia katikati ya shabaha. Kisha inachepuka chini kushoto, na risasi inatua hukohuko. Kwenye kioo cha EST II tukio hilo linaweza kurudiwa mara kumi, polepole, mpaka askari mwenyewe alione. Mashine imemaliza kazi yake. Iliyobaki ni ya mtu aliyepiga goti nyuma ya askari: ajue mchepuko ule umetoka wapi, na amwambie abadilishe nini kabla ya risasi inayofuata. Kama hajui, saa zote zilizotengwa kwa mtambo huu zinapotea bure.

EST II (Engagement Skills Trainer II) ni mtambo wa mafunzo ya shabaha wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Uliundwa na kampuni ya Meggitt, ambayo lililokuwa tawi lake la mafunzo sasa ni kampuni inayoitwa InVeris, na ulichukua nafasi ya EST 2000. Ni chumba chenye kioo kipana, projekta, kompyuta ya mwendeshaji na leni, yaani nafasi za wapigaji, zilizopangwa tano tano. Askari analala, anapiga goti au anasimama akiwa na bunduki yenye umbo na uzito wa ile halisi, ila inatoa mwanga wa leza badala ya risasi ya moto. Kuna M4, yaani bunduki binafsi ya askari, bastola, bunduki za rashasha kama M249, M240 na M2, na silaha za kurushia mabomu. Mtambo unafundisha shabaha ya mtu mmoja mmoja, mapambano ya kikundi, na filamu za kuamua upige au usipige. Hapa tunaishughulikia ile ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo msingi wa hizo nyingine mbili na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kama chombo, EST II inastahili sifa. M4 zake hazifungwi waya, kwa hiyo askari anaweza kusogea, kubadili mkao na kubadili magazini bila kuburuta mpira wa hewa kama zamani. Ndani ya bunduki kuna vihisi vinavyopima kidole kinavyobana triga, bunduki inavyolalia upande, na kitako kinavyokaa begani. Juu ya hayo kuna mchoro wa mtutu, yaani njia yote ambayo bunduki ilipita kabla ya mlio, wakati wa mlio na baada yake. Kwenye uwanja wa risasi za moto, mkufunzi anaona tundu kwenye karatasi na kuanza kukisia. Humu anaona sababu ya tundu.

Lakini mchoro lazima usomwe, na usomaji wake una adabu zake. Mtutu ukipanda na kushuka kwa mstari uliosimama, askari yuko kwenye mkao wa kulala na anafyatua huku kifua kinatembea. Asubiri mapumziko ya asili mwishoni mwa kutoa pumzi, na asizuie pumzi kwa nguvu, maana baada ya sekunde chache macho huanza kufifia na misuli kutetemeka. Mtutu ukitulia vizuri halafu ukaruka kando ghafla mwishoni, tatizo ni kidole: anakipiga triga kofi, au amekiweka mahali ambapo kinaisukuma bunduki pembeni kila anapobana. Ukizama chini kabla tu ya mlio, anaogopa teke, yaani msukumo wa bunduki begani, na anajikaza kulipokea kabla halijaja. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mara nyingi unazama chini na kushoto.

Mchoro mgumu kuliko yote ni ule wa mtutu unaozurura kama nzi bila kutulia popote. Kiongozi asiyejua husema, "Tulia." Askari angeweza kutulia angekuwa ametulia. Kosa hapa ni mkao: anaibeba bunduki kwa misuli wakati inatakiwa ikae juu ya mifupa. Dawa yake ni fupi. Alenge, afumbe macho, apumue mara mbili, afumbue. Kilengeo kikiwa kimehama kutoka kwenye shabaha, asiirudishe bunduki kwa mikono. Asogeze nyonga kama amelala, au asogeze mguu kama amesimama, kisha arudie mpaka akifumbua macho akute kilengeo palepale alipokiacha. Zoezi hilo halizidi dakika tatu kwa mtu mmoja, na mara nyingi linakaza kundi la risasi kuliko magazini mbili za kupiga ovyo.

Sasa swali la ukumbi: nani anamwambia hayo? Mwendeshaji anayekaa kwenye kompyuta, awe raia wa mkataba au askari aliyepewa kozi ya mtambo, kazi yake ni kuwasha, kuchagua zoezi, kupakia majina na kutoa matokeo. Yeye hawajui askari wa platuni hiyo na hawajibiki kwao. Wanaowajibika ni luteni, sajini wa platuni na viongozi wa seksheni. Katika ziara nyingi za ovyo, hao ndio wanaokaa nyuma ya chumba na karatasi ya mahudhurio, wakihakikisha kila leni imejaa na muda haupotei. Wanasimamia foleni, na mafunzo yanabaki bila mwenyewe.

Sababu yake inajulikana na haipendezi kuitaja. Kiongozi ambaye hajawahi kufundishwa vizuri kupiga hawezi kusoma mchoro, na anaogopa kulala kwenye leni mbele ya askari wake kwa sababu mashine itamwonyesha naye. Alifaulu miaka iliyopita kwa alama za kusogeza siku, akapanda cheo, akapewa bastola badala ya bunduki, na tangu hapo shabaha imekuwa ratiba anayoisaini. Afisa anasema kufundisha mtu mmoja mmoja ni kazi ya masajini, na kweli katika jeshi hilo mgawanyo ndio huo. Lakini masajini wenyewe wengi wamelelewa kwenye uwanja ambako mafunzo yalikuwa sauti ya kipaza kutoka mnarani. Hivyo maneno yanayorithiwa ni yale yale: vuta pumzi, bana polepole, lenga vizuri. Hayo ni maombi, na askari anayekosa shabaha hajapewa hata kitu kimoja cha kubadilisha.

Taratibu za jeshi hilo zenyewe haziwaachii viongozi mwanya huo. Katika mfumo wake wa hatua 8 wa kuandaa zoezi, hatua ya 2 ni kuwafundisha na kuwathibitisha viongozi. Inakuja kabla ya kukagua eneo, kabla ya kutoa amri, kabla ya mazoezi ya majaribio. Inarukwa kirahisi kwa sababu matokeo yake hayaonekani kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Kinachoonekana ni idadi ya askari waliofaulu.

Ili kuipima mashine kwa haki, lazima ijulikane inakaa wapi. Tangu mwongozo mpya wa 2019, mafunzo ya bunduki binafsi yanakwenda kwa meza 6, yaani hatua 6 zinazofuatana. Meza ya I ni maelekezo ya awali na kuyapima. Ya II ni simuleta, yaani mtambo wa kuiga upigaji, ndiyo nyumba ya EST II. Ya III ni mazoezi ya mikono, ya IV ni kupata kundi na kurekebisha kilengeo kwa risasi za moto, ya V ni majaribio, ya VI ni mtihani. Vikosi vinavyolalamika kwamba mtambo hausaidii mara nyingi vimeifanya Meza ya I kwa slaidi za nusu saa, vikaitupa ya III, kisha vikategemea ya II ibebe mzigo wa zote tatu. Haiwezi.

Meza ya III ndiyo inayoumiza zaidi ikirukwa. Ina mazoezi 11, kuanzia kukagua silaha na kuivaa kwa mkanda, hadi kupakia, kushuka kulala, kubadili magazini, kuondoa mkwamo, na kutoa risasi zote na kuonyesha chemba tupu. Hayahitaji uwanja wala umeme. Yanahitaji bunduki, magazini, risasi bandia na kiongozi anayejua harakati sahihi ikoje. Mtihani wa sasa una shabaha 40, kutoka mita 50 hadi 300, kwa magazini 4 za risasi 10 kila moja: kulala bila egemeo, kulala na egemeo, kupiga goti na egemeo, kisha kusimama na egemeo. Hakuna sauti ya mnara inayomwambia askari abadili magazini au mkao. Anabadili mwenyewe, na shabaha hazimsubiri. Wa alama 23 hadi 29 amefaulu, wa 30 hadi 35 ana daraja la kati, wa 36 kwenda juu ndiye mahiri.

Mtazame askari anayepoteza shabaha mbili kila anapobadili mkao. Magazini tupu imetoka, mkono umeenda kwenye mfuko, macho yamefuata mkono. Magazini imechomolewa imegeuka, risasi zinatazama nyuma. Anaigeuza, anaisukuma, haikai kwa sababu hakuipiga chini kwa kiganja, anaivuta kuhakikisha inaanguka. Kilengeo chake hakina shida yoyote. Kwenye EST II atapoteza shabaha zilezile, na kiongozi asiyezijua harakati hizo ataandika kwamba askari huyu hajui kulenga, amrudishe kwenye leni apige tena. Magazini zikipangwa mifukoni zote zikielekea upande mmoja, na askari akarudia harakati hiyo mara 20 kila asubuhi kwa wiki moja, tatizo linaondoka bila kuchoma risasi hata moja.

Mashine nayo ina mahali inapodanganya, na kiongozi lazima apajue ili asidanganyike nayo. Teke lake ni dogo kuliko la bunduki halisi na mlio wake hauumizi masikio, kwa hiyo woga wa mlio huonekana kwa baadhi tu. Wengine hujificha mpaka siku ya risasi za moto. Dawa ya hao iko uwanjani: mkufunzi anajaza magazini ya askari mwenyewe, anachanganya risasi bandia na za moto bila mpangilio, na askari hajui ipi inakuja. Nyundo ikianguka juu ya risasi bandia na mtutu ukazama, kila aliye karibu anaona, na yeye mwenyewe anaona. Kwenye simuleta au kambini kuna zoezi la ndugu yake: sarafu au washa (kipete bapa cha chuma) inawekwa juu ya mtutu, na askari anafyatua bunduki tupu bila kuiangusha. Mara 10 mfululizo ndizo zinazohesabika.

Pia kurekebisha kilengeo hapa ni kwa bunduki ya mtambo tu. Askari anayetoka humu na alama 38 bado hajarekebisha kilengeo cha bunduki yake, na kwenye uwanja lazima aanze upya: kundi la risasi 5 ndani ya duara la sentimita 4 kwa mita 25, ndipo aguse kilengeo. Viongozi wengi hugeuza mpangilio huu. Wanaona risasi tatu zimetawanyika kama mbegu na wanaagiza, "Piga kliki nne kulia." Kilengeo kinakimbizwa na askari aliyeyumba, risasi 40 zinaisha, na mchana wanaambiwa bunduki ni mbovu. Kwa kilengeo cha nukta nyekundu cha M68, kliki moja, yaani hatua moja ya kurekebisha, ni karibu milimita 4 kwa mita 25. Hesabu hiyo ina maana pale tu kundi linapokuwa dogo kiasi cha kuwa na katikati inayoeleweka.

Jambo jingine ambalo kioo hakilifundishi lenyewe: kilengeo cha M4 kinakaa karibu sentimita 6.5 juu ya mtutu. Kwa mita 300 haliwasumbui wengi. Kwa mita 5, ndani ya chumba, risasi inatua sentimita kadhaa chini ya pale alipolenga, na aliyejikinga nyuma ya gari anaweza kuona shabaha safi kwenye kilengeo huku mtutu umeelekea kwenye bati la gari. Luteni akimweleza askari wake hili kwa kuiweka bunduki juu ya meza na kupima kwa rula, atalikumbuka.

Wala mtambo haufundishi kutunza silaha. Bunduki zake hazijai vumbi, hazikauki mafuta, na midomo ya magazini zake haijapinda. Bunduki halisi hugoma, na chanzo cha kawaida kabisa ni magazini iliyochoka ambayo hakuna aliyeitupa. Tarehe 23 Machi 2003 msafara wa Kombania ya 507 ya Matengenezo ulipotea njia ukaingia Nasiriyah, Iraq, ukiwa na askari 33. Walikufa 11, na 7 wakatekwa. Ripoti ya jeshi lenyewe ilieleza kwamba silaha za wengi ziligoma, na kwamba huenda chanzo kilikuwa utunzaji duni wa silaha katika mazingira ya jangwa. Wale walikuwa mafundi na madereva, na ndiyo maana tunawataja. Kikosi cha nyuma ndicho chenye viongozi wanaoamini kwamba silaha ni shughuli ya watoto wa infantri, yaani askari wa miguu, na ndicho kinachopata saa chache zaidi za EST II kwenye kalenda.

M2 ni mfano wa wazi zaidi, kwa sababu iko juu ya malori ya vikosi hivyohivyo. Kwenye M2 ya zamani mtumiaji lazima arekebishe mwenyewe nafasi kati ya bolti na risasi kila anapofunga mtutu, kwa geji ya inchi 0.202 inayotakiwa kuingia na ya 0.206 isiyotakiwa kuingia, kisha apime muda wa kufyatua kwa geji za 0.020 na 0.116. Nafasi ikiwa kubwa mno, ganda linaweza kupasuka ndani ya bunduki na kumjeruhi mpigaji. Ikiwa ndogo mno, bolti haifungi na bunduki haipigi. M2A1 iliondoa kazi hiyo kwa mtutu wenye nafasi isiyobadilika. Kwenye EST II hakuna geji inayohitajika kamwe, kwa hiyo askari anaweza kuwa hodari wa M2 ya kioo na asijue kuwasha ile ya lori. Sajini anayekagua lazima ajue geji iko wapi, na ajue kuiingiza.

Kwa hiyo tungeutumia hivi. Siku nzima kabla platuni haijaja, leni zote ziwe za viongozi: luteni, sajini wa platuni, wakuu wa seksheni na wakuu wa timu. Kabla ya kupanda leni, kila mmoja afungue M4, aifunge, na aikague utendaji bila karatasi. Chemba ikiwa tupu na magazini imetolewa, akoki, aweke kwenye usalama, abane triga: nyundo isianguke. Aweke kwenye risasi moja moja, abane: nyundo ianguke. Aendelee kushikilia triga, akoki, aachie triga polepole: asikie kliki. Abane tena: nyundo ianguke. Kwa M4A1, aina ya M4 inayopiga mfululizo, aweke kwenye mfululizo, akoki na abane: nyundo ianguke. Ashikilie triga, akoki tena, aachie triga, abane: sasa nyundo isianguke. Ni dakika moja. Asiyeweza asipewe askari wa kufundisha siku inayofuata.

Baada ya hapo wapige wote shabaha 40, matokeo yasomwe kwa sauti, cheo kikubwa kianze. Hili ndilo gumu na ndilo lenye faida kuliko yote: luteni aliyepata 25 mbele ya masajini wake na akarudi leni jioni amefundisha zaidi ya hotuba yoyote. Halafu wakae wawili wawili, mmoja apige, mwenzake asome mchoro na kutaja kosa moja na dawa moja, moja tu, kabla risasi inayofuata haijatoka. Msomaji akikosea, wabadilishane. Makosa manne yaliyotajwa juu yanatosha kwa siku hiyo. Anayeyatambua mara 8 kati ya 10 yuko tayari kupiga goti nyuma ya askari.

Platuni ikija, mkufunzi mmoja kwa leni mbili, asiyezidi hapo. Raundi za risasi 5 tu, kisha kusimama na kusoma. Kikosi kinachojaza leni 5 kwa dakika 20 kila kundi kitapitisha kombania nzima kwa siku na hakitabadilisha mtu. Saa moja kwa kundi ndiyo kiwango cha chini, na kombania haitaisha siku hiyo. Ikubalike hivyo kwenye kalenda mapema. Wanajeshi wa majini wa Marekani (Marines) wana makocha wa shabaha waliosomea kazi hiyo kama utaalamu wenye namba yake, na kwa upande wa nchi kavu kuna kozi ya wakufunzi wakuu wa shabaha ya wiki 5 pale Fort Benning. Kiongozi mmoja aliyetoka kwenye kozi ya namna hiyo akipewa mamlaka ya kweli juu ya ratiba, na si cheti cha kutundika, hubadilisha kombania yake.

Kwa kikosi chenye viongozi wanaojua silaha, EST II ni chombo bora na saa zake zigombaniwe. Kwa kikosi ambacho luteni na sajini hawajalala kwenye leni mwaka huu, saa hizo wapewe wao kwanza, hata kama askari watasubiri wiki mbili. Na kabla ya kuondoka, kila kiongozi wa timu achukue matokeo ya watu wake na aandike kando ya kila jina kosa lililoonekana kwenye leni: kidole, pumzi, woga, mkao, magazini. Alama peke yake isikubaliwe na mkuu wa kombania. Kesho yake asubuhi kwenye Meza ya III, orodha hiyo ndiyo inayoamua nani anashika sarafu, nani anashika magazini, na nani anafumba macho kutafuta mkao wake.